Umekuja na nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ungesafiri peke yako kwa gari kwenda kutafuta asili ya ukoo wako?" Nimelisoma asubuhi nikaliacha, jioni nimelirudia. Jibu langu ni hapana, na anayejibu ni mtu aliyekwenda.

Najua wasomaji wengi watajibu kuhusu usalama, na ni haki yao. Gari likaguliwe, gurudumu la akiba lijazwe upepo, mtu wa nyumbani ajue kila siku unalala wapi, usiendeshe usiku njia usiyoijua. Mimi nilipata pancha moja tu katika siku tisa, nikaibadilisha mwenyewe kando ya barabara, safari ikaendelea. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua hadi leo ni kwamba ukienda peke yako, unasikia peke yako. Ukirudi nyumbani na neno zito, huna mtu wa kusimama kando yako na kusema, "Ni kweli, na mimi nilikuwepo."

Kwetu orodha ya ukoo anayo baba mkubwa. Aliiandika mwenyewe kwenye daftari kubwa la jalada gumu, na kila msiba au harusi humalizika kwa yeye kuisoma. Kwa mujibu wa orodha hiyo, baba yake babu yangu alikuwa na watoto sita, na babu ndiye wa nne. Nimeisikia tangu utotoni; ningeweza kuisoma usingizini. Sikuondoka nyumbani kwenda kuipinga. Nilichotaka ni tarehe tu, kwa sababu daftari lile halina hata moja, na nilitaka kuona kwa macho yangu mahali walipotoka kabla hawajahama.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nisingekaa nyumbani nikatafuta kwenye intaneti. Nilijaribu. FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, wana picha za vitabu vingi vya kanisa kutoka pande nyingi za dunia, na kuziangalia ni bure. Lakini si kila parokia imepigwa picha, na hata palipopigwa, faharasa mara nyingi hukupa jina, tarehe na wazazi, basi. Halafu kuna suala la majina yenyewe. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini. Unamtafuta Yakobo, kumbe padri alimwandika Jacobus. Unalitafuta jina la nyumbani ambalo ukoo mzima unalijua, na padri hakuliandika kabisa. Inabidi uketi na kitabu chenyewe, ukurasa baada ya ukurasa.

Tena vitabu havikai milele. Ofisi ya kumbukumbu za umma ya Ireland, kule Dublin, iliteketea mwaka 1922, na karne kadhaa za karatasi zikaenda na moto kwa siku moja. Sensa ya Marekani ya 1890 ilipatwa na moto mwaka 1921, na leo karibu yote haipo. Wale walikuwa na majengo ya serikali. Kitabu nilichokifuata mimi kilikuwa kwenye kabati la mbao katika ofisi ya parokia yenye paa linalovuja, na kurasa zake za mwisho zilikwisha kushikana kwa unyevu. Kwa hiyo katika hili la kwenda mapema sina shaka kabisa.

Paroko aliniruhusu, katibu akanipa meza karibu na dirisha. Ilinichukua siku moja na nusu kuwapata wote. Kila mtoto ana mstari wake: tarehe, jina, baba, mama, msimamizi wa ubatizo, sahihi ya padri. Utaratibu huu ni wa kale. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliwaagiza maparoko mwaka 1563 waandike ubatizo na ndoa. Nilihesabu watoto wa wazazi wale wawili. Nikahesabu tena. Walikuwa saba.

Wa tatu alikuwa msichana. Nilidhani alifariki mdogo, maana ndivyo tunavyodhani sote tukikuta jina lisilo na mtu. Nilikuwa nimekwisha kufungua ukurasa uliofuata ndipo katibu, aliyekuwa akipita nyuma yangu, aliponiambia nirudi nitazame pembeni. Kando ya mstari wa yule msichana palikuwa na maandishi madogo, ya mkono mwingine na wino mwingine: ameolewa, mwaka, jina la parokia. Katibu akanieleza. Papa Pius X alitoa amri mwaka 1907, ikaanza kutumika Pasaka ya 1908, kwamba ndoa ikifungwa popote, taarifa irudishwe kwenye parokia alikobatizwa mhusika na iandikwe kando ya jina lake. Kwa hiyo padri wa mbali, asiyetujua wala kutudai chochote, aliandika barua, na barua ile ikafika. Msichana aliyekufa mdogo aliolewa akiwa na miaka 19.

Parokia iliyotajwa ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, nusu yake kokoto. Huko hawakuwa na muda nami, kulikuwa na mazishi. Waliniambia tu yupo bibi mmoja mzee sana anayewajua watu wa zamani wote, nikamwone yeye.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba," akainua shingo kutazama gari.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Hakuna mtu kwenye gari?"

"Hakuna."

Akaendelea kulitazama gari, kana kwamba mtu angeweza kuteremka bado. Kisha akasema nizime simu, si kuiweka mfukoni, kuizima, na niketi. Niliketi chini, mgongo ukutani. Hilo nalo nililipia baadaye, maana sina sauti yake hata ya dakika moja.

Nilimtajia jina la baba yake babu, nikamwomba, kama anawajua, anitajie watoto wake. Akanyoosha kiganja cha kushoto mbele ya kifua. Kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia akakunja kidole kidogo na kutaja jina. Akakunja cha pete, akataja jina. Akakunja cha kati, hakutaja kitu. Hakusita wala hakuonekana kusahau. Alikikunja tu kama alivyokunja vingine, akapumua, akaenda cha shahada akataja jina la nne, ambalo katika daftari la baba mkubwa ni la tatu. Gumba akalitaja babu yangu. Akahamia mkono wa pili, viwili. Vidole saba, majina sita.

Nilimwomba arudie. Alirudia vilevile, na kidole cha kati kikakunjwa kimya mara ya pili.

Sasa nataka wahariri na wasomaji wanielewe hapa, kwa sababu ndipo swali lenu liliponigusa. Nilikuwa na jina la kidole kile kwenye daftari langu, ndani ya mkoba. Ningekuwa na ndugu yangu yeyote pale, tungelitamka. Baba mkubwa angemsahihisha, na binamu zangu wangemtolea picha ya ukurasa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na wa kutazamana naye. Kivuli cha paa kilisogea kutoka magotini mwake hadi kwenye miguu yangu. Akaniuliza wazazi wangu wako wapi, nikamwambia baba alikwisha kufariki. Akaniuliza kama nimeendesha njia yote mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Kisha nikasema kitu, sikumbuki nini, nikamwita tena bibi.

"Mimi si bibi yako," akasema. "Mimi ni shangazi yako."

Sikuelewa mara moja. Akili ilinituma kwenye hesabu: shangazi kwa nani, kutoka wapi. Ndipo akanyoosha tena kiganja cha kushoto, akashika kile kidole cha kati peke yake. "Huyu ni mama yangu. Akiwahesabu ndugu zake, mwenyewe hakujitaja, alijikunja tu. Na mimi nilijifunza hivyohivyo."

Walipohama, mama yake alikuwa mtoto na mguu umevimba, hawezi kutembea, na safari ilikuwa ya miguu. Wakamwacha kwa msimamizi wake wa ubatizo, yule ambaye jina lake nilikuwa nimelinakili bila kulijali. Walisema watamfuata mvua zikiisha. Zikaisha. Shangazi hakuwalaumu, alisema huenda walituma mtu na mtu hakufika, huenda walitangaziwa kifo cha mtoto mwingine wakadhani ni wao, huenda waliona aibu, na aibu ikikaa sana hugeuka kuwa kifo mdomoni mwa watu. Alisema mama yake alisubiri hadi akaolewa, na baada ya hapo hakusubiri tena, ila kila jioni aliwahesabu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akanijibu, "Mngekuja watu watano kwenye gari, ningewaonyesha makaburi, mkaondoka."

Nililala pale siku mbili.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, na hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza, "Nani mwingine alisikia?" Nikamwonyesha picha ya ukurasa. Akavaa miwani, akasoma, akasema jina kama lile wanalo wengi, na kwamba shangazi yake wa tatu alifariki mdogo, baba yake mwenyewe alimwambia hivyo. Aliniambia pia kwamba penye wazee haliharibiki neno, na mimi nilikwenda bila mzee. Hilo la mwisho lilinichoma kwa sababu nililiona ni la kweli. Binamu wawili hawajanipigia simu tangu siku hiyo; wanasema nimemwita babu yao mwongo.

Kuna walioniambia nipime vinasaba yaishe. Ninajua hesabu yake: mtu na binamu yake wa kwanza hushiriki wastani wa asilimia 12.5, kwa hiyo baba mkubwa na shangazi wangeonekana waziwazi, na mimi na yeye tungekuwa kwenye asilimia 6 hivi. Lakini nikiwaza kumpelekea mwanamke yule kichupa atemee mate ili tumkubali, mkono unakataa. Labda siku moja yeye mwenyewe atataka. Kwangu, mstari wa ubatizo, maandishi ya pembeni, jina la msimamizi na kile kidole vinatosha.

Nilianza kuandika nikiwa na hapana kamili, na nilikuwa na sababu zangu: usiende peke yako, chukua shahidi, chukua mzee, usikubali kuzima simu. Nikisoma nilichoandika naona kila sababu yangu ingemfunga mdomo. Ningekwenda na shahidi, shahidi angerudi na picha za makaburi. Kwa hiyo, kama mnanilazimisha nijibu mlichouliza, ningekwenda tena, na ningekwenda peke yangu. Lakini simshauri hivyo mtu ambaye wazee wake bado wana nguvu ya kusafiri na hajawauliza kama wanataka kwenda. Mimi sikuuliza. Nilimpa baba mkubwa habari iliyokwisha kuiva, na nikashangaa kwa nini haimezi. Na ukienda, andika usiku uleule, kila neno, kabla ya kulala, maana asubuhi tayari utakuwa umeanza kulipanga vizuri.

Miezi kumi na minne imepita. Wiki mbili zilizopita baba mkubwa alinipigia simu, tukazungumza mambo mengine, na mwishoni akauliza kama barabara ile ya kokoto inapitika mvua zikiisha. Nikamwambia inapitika. Akasema angependa kuyaona makaburi. Hakusema ananiamini, na mimi sikumuuliza.

Nimempigia shangazi kupitia simu ya jirani yake. Aliuliza tutakuja wangapi. Nimemwambia atakuja ndugu yake mmoja, dereva ni mimi, na dereva atabaki kwenye gari.