Maswali ya Wasomaji: Kilomita 400 Zimekwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilinunua gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2018 kutoka Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40 (kilowati-saa ndiyo ile uniti ya umeme unayonunua kwa tokeni). Muuzaji wa yadi alinionyesha karatasi inayosema kwamba gari hili hutembea kilomita 400 kwa chaji moja. Hapa mjini sijawahi kupita 210, na nilipokwenda Voi na familia, kiyoyozi kikiwaka njia nzima, nilifika nikiwa nimebakiwa na asilimia 14. Vile vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi ni 11. Je, nimeuziwa gari bovu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, gari lako si bovu, na karatasi uliyoonyeshwa haikusema uongo, ila haikukwambia umbali huo ulipimwaje. Kilomita 400 ni matokeo ya kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho hufanyika maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa na usiozidi 82. Huo ni mwendo wa foleni ya Tokyo, na gari la umeme hulipenda foleni, kwa kuwa upepo wa kushindana nao ni mdogo na kila unapokanyaga breki sehemu ya umeme hurudi kwenye betri. Gari hilohilo, kwa betri hiyohiyo ya kilowati-saa 40, lilipewa kilomita 378 kwa kipimo cha zamani cha Ulaya, 270 kwa kipimo kipya kinachotumika Ulaya, kiitwacho WLTP, na maili 151, yaani kilomita 243, na shirika la mazingira la Marekani, EPA. Wamarekani wana desturi ya kuyapunguza matokeo ya maabara, kwa kawaida kwa kuyazidisha na 0.7, wakijua kwamba watu huwasha kiyoyozi na hukimbia barabara kuu. Kwa dereva wa Mombasa, hizo kilomita 243 za EPA ndizo ninazoziamini.

Sasa tazama vijiti vyako. Gari jipya huwa na 12. Cha kwanza huzimika baada ya takribani asilimia 15 ya uwezo wa betri kupotea, na vinavyofuata huzimika kila inapopotea asilimia 6 na kidogo. Kwa vijiti 11, betri yako imebakiwa na kati ya asilimia 79 na 85. Chukua kiasi hicho cha kilomita 243 utapata kati ya 190 na 207, ambazo ni karibu kabisa na unazotembea. Betri ya Leaf kama yako haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama za magari mengine mengi ya umeme, kwa hiyo joto, nalo Pwani halikosekani, ni adui wake wa kila siku.

Safari ya Voi ina hesabu yake. Mji ule uko karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari la tani 1.7, abiria wakiwamo, hadi kimo hicho hudai kama kilowati-saa 2.7 kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Wakati wa kurudi utarudishiwa sehemu ya deni hilo, wala usishangae kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi zikiongezeka ukiwa unateremka, kwani gari hukadiria kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita.

SWALI: Nimeona Leaf mbili za kilowati-saa 30, moja imeandikwa kilomita 280 na nyingine 172. Je, ya kwanza ina betri bora? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hapana, ni betri ileile: 280 ni ya Japani na 172 ni ya Marekani. Hata ndani ya nchi moja namba huweza kuruka. Leaf ya 2013 ilipewa maili 75 Marekani na ya 2014 ikapewa 84, ilhali betri haikubadilika. Ile ya 2013 ilikuwa na chaguo la kuchaji hadi asilimia 80 tu, na EPA ikachukua wastani wa chaji hiyo na chaji kamili. Chaguo hilo lilipoondolewa, namba ikapanda. Kwa hiyo achana na kilomita za tangazo, umwombe muuzaji awashe magari yote mawili mbele yako, uhesabu vijiti.