Bendi ya panki, au bendi ya enzi za panki?

SWALI: Naandika makala kuhusu bendi za roki za miaka ya 1970. Mhariri wangu anataka Ramones, The Clash, Blondie na Talking Heads niziite zote "bendi za panki". Mimi nazisikia tofauti kabisa. Kiswahili kina namna ya kulieleza hili bila kuzungukazunguka?

JIBU: Kinayo, tena zaidi ya moja.

Shida inaanzia kwenye a-unganifu, yaani ya, za, wa na wenzake, ambayo ina kazi nyingi. "Meza ya mbao" hutaja kilichotengenezea, "nguo za kazi" hutaja matumizi, "nyimbo za zamani" hutaja wakati. Lakini jina la muziki likifuata neno bendi, msomaji huelewa jambo moja tu: huo ndio muziki wanaoupiga. Kwa Ramones wa New York hilo ni sawa, maana panki ni roki ya kasi, fupi, isiyo na madoido. Albamu yao ya kwanza, ya 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa, na njia hiyo hawakuiacha mbali.

Blondie walipiga katika ukumbi uleule waliopiga Ramones, CBGB, mtaa wa Bowery jijini New York, lakini mwaka 1979 walishika namba moja Marekani na Uingereza kwa wimbo wa disko. Mwaka uliofuata wakaurudia wimbo wa zamani wa The Paragons wa Jamaika. Bendi ya Television nayo ilitoka CBGB, na albamu yao ya 1977 ina wimbo wa kama dakika kumi, magitaa yakijibizana. Kilichowaunganisha watu hawa ni mahali na wakati. Kwa hiyo andika "bendi za enzi za panki", kama tusemavyo "enzi za mkoloni": umetaja kipindi, hujasema kila aliyeishi humo alifanya nini.

Njia ya pili, nami naipenda zaidi, ni kuacha nomino na kutumia kitenzi. "The Clash walianza kwa panki, wakaingia kwenye rege, wakafika hadi ska na rokabili." Hiyo -ka- inawasogeza hatua kwa hatua, na ndivyo ilivyokuwa. Katika albamu yao ya kwanza, ya 1977, tayari wamo na wimbo wa rege wa Junior Murvin wa Jamaika. Hawakuuokota njiani. Kwenye Roxy, klabu ya panki jijini London, DJ Don Letts alikuwa akiwapigia vijana sahani za rege, kwa kuwa za panki zilikuwa bado chache. Ukiandika "bendi ya panki" ukanyamaza, historia hiyo yote unaifuta.

"Wimbo wa kipanki" nao una nafasi yake: ki- hii ni ya namna, kama katika "kijeshi" au "kitoto". Wimbo unaweza kuwa wa kipanki hata kama aliyeutunga si mpanki. Ila mara ya kwanza andika "muziki wa panki". Msomaji wa Mwanza akiliona neno lenyewe peke yake, huenda akafikiria mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki samaki akishatolewa minofu.

Suala ambalo hukuliuliza, na ningependa ulizingatie, ni neno "mtindo". Wengi hulitumia kwa maana ya aina ya muziki. Wapenzi wa dansi Tanzania walilitumia kwa umakini zaidi: dansi ni aina ya muziki, mtindo ni alama ya bendi moja. Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park wana Sikinde, NUTA Jazz Msondo. Na hakuna aliyedai kwamba, kwa sababu ya hilo "Jazz" katika jina, lazima wapige jazi ya Marekani. Tuna msamiati uliokwisha kutatua jambo hili, basi utumie. Talking Heads ni bendi ya roki, ya enzi za panki, yenye mtindo wake: gitaa la kukatakata, besi inayochezesha, na kufikia albamu yao ya 1980, midundo iliyotokana na kumsikiliza Fela Kuti wa Nigeria.

Kwenye kichwa cha habari, nafasi ikiwa finyu, mkubalie mhariri "bendi za panki". Ndani ya makala usikubali.