Barua kwa mwanangu aliyeuliza kisu cha kukunja

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku Muheza hatujambo, mvua za vuli zimeanza na miche imechangamka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema umechoka kukata kamba na kufungua maboksi kwa funguo za mlango, unataka kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni kila siku. Umekiona kimoja cha Kifaransa chenye mpini wa mbao, Opinel Namba 8, kikakukumbusha kile changu cha kubebeshea michungwa, yaani kuunganisha kikonyo cha mchungwa kwenye mche wa limau. Ukaniuliza: "Mama, nichukue hicho?"

Usikichukue, mwanangu. Kisu chenyewe hakina ubaya. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na watu wa mashamba na milima wamevipenda tangu hapo kwa sababu ni vyepesi, bei si kubwa, na ubapa wake mwembamba unakata kweli. Mwaka 1955 wakaongeza pete ya chuma pale shingoni. Ukiizungusha, ubapa haukunjiki mpaka uirudishe. Pete hiyo ndiyo itakayokuponza huko Leeds.

Nimekaa na dada yako tukaisoma sheria ya Uingereza kwenye simu, neno kwa neno. Kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu, mradi kiwe kinakunjika muda wote, hakina kufuli. Kikiwa na kufuli, hata kiwe kidogo namna gani, kinahesabiwa kama kisu kisichokunjika kabisa. Ukikutwa nacho hadharani lazima uwe na sababu ya maana, na kazi ya kuithibitisha ni yako. Opinel Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na pete juu yake, kwa hiyo imekosa kote kuwili. Namba 6 ina sentimita 7, lakini pete ipo vilevile. Adhabu yake inaweza kufika miaka 4 jela.

Utaniambia wewe unafanya kazi ya bustani. Ni kweli, kazi ni sababu. Lakini Ijumaa ukitoka kazini ukapitia dukani, kisha ukaenda kwa wenzako, kisu kitakuwa bado mfukoni na sababu imebaki kazini. Askari akikusimamisha saa nne usiku hatamwona mtoto wa mama anayebebesha michungwa. Atamwona kijana mweusi mwenye kisu. Hilo linaninyima usingizi, nakwambia wazi. Kisu cha kufuli cha kazini kilale kazini, ndani ya sanduku la vifaa. Na hata hicho kidogo kinachoruhusiwa, siku utakapokitoa katikati ya ugomvi kitakuwa silaha, na hakuna atakayepima urefu wake.

Sasa kuhusu kutaka kisu kama changu. Nilifurahi kusikia hivyo, lakini changu hakitakufaa. Kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa kabisa, kwa sababu kikonyo cha mchungwa lazima kikatwe kwa mkato mmoja ulionyooka, kilale juu ya mche wa limau bila uwazi. Ukikatia mkate au embe kitavuta pembeni na kukuharibia. Tena ni chuma cha kaboni. Kinashika makali mazuri ajabu, lakini maji ya chungwa yanakitia weusi siku hiyo hiyo, na usipokifuta na kukipaka mafuta, asubuhi unakikuta na kutu. Mimi kukifuta ni sehemu ya kazi yangu. Wewe ukikitia mfukoni na suruali iliyolowa mvua ya huko, hakitamaliza mwezi.

Tafuta chenye chuma kisichoshika kutu, ubapa mmoja au miwili, kinachoshikiliwa na kamani peke yake. Kamani ni ile springi ya mgongoni inayokaza ubapa ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Ningekuwa mimi ningechukua Victorinox ya kawaida ya Uswisi, ile ya milimita 91, yenye ubapa mkubwa, mdogo, kifungua makopo na kifungua chupa. Makali yake hayafiki inchi 3, na ubapa mkubwa wa aina hiyo haufungwi kwa kufuli. Chunguza tu, kwa sababu kampuni hiyo hiyo inatengeneza vikubwa zaidi ambavyo ubapa wake unajifunga. Halafu kuna jambo limenigusa kuhusu hao watu. Karl Elsener alifungua karakana yake kijiji cha Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akawa anawapelekea visu askari wa nchi yake. Mama yake alipofariki mwaka 1909, akavipa visu jina la mama: Victoria. Mwaka 1921, chuma kisichoshika kutu kilipoingia, wakaunganisha na neno "inox", yaani chuma hicho kwa Kifaransa, likawa Victorinox. Kila nikiliona jina hilo sasa namfikiria huyo mama.

Usiagize kwa picha kama unaweza kwenda dukani. Kishike. Fungua ubapa nusu, uusukume kidogo: kamani nzuri inaumalizia yenyewe kwa mlio mkavu. Ushike ncha uutikise kushoto na kulia, ukicheza, kirudishe. Kikunje, upitishe kidole taratibu kwenye mwanya wa mpini unamoingia ubapa, usikie kama ncha imezama ndani yote. Ncha inayochungulia itakutoboa mfuko, kisha paja.

Kisu cha kamani kina hatari yake, na uifahamu kabla hujakizoea. Lile kovu la kidole changu cha shahada, ulilokuwa ukiliuliza utotoni nikakujibu kwamba ni kazi tu, lilitokana na kisu cha kukunja nilichonunua mnadani, kamani yake imelegea. Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa natoboa dumu la plastiki kwa ncha ili nilifanye la kumwagilia. Nikasukuma, ncha ikakwama, ubapa ukajikunja juu ya kidole changu mwenyewe. Niliona mfupa. Msimu ule wote sikubebesha mche hata mmoja, na ada ya kaka yako ilichelewa. Kwa hiyo kisu kisicho na kufuli ni cha kukata kwa kuvuta, makali yakielekea chini, vidole nyuma ya njia ya ubapa. Usikitobolee kitu wala usikipe kazi ya bisibisi, na usibonyeze mgongo wa ubapa hata siku moja. Kutoboa, tafuta msumari.

Nunua na kinoo siku hiyo hiyo, maana kisu butu ndicho kinachomkata mwenyewe: unakandamiza, kinateleza. Lowesha kinoo maji. Simamisha kisu wima juu yake, kilaze nusu, kisha nusu tena, kisha kidogo zaidi. Hapo ndipo pembe yake. Sukuma kama unayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe, kutoka shingoni hadi nchani, bila kubadilisha mlalo. Baada ya muda pitisha kidole upande wa pili, kwa kukitoa nje ya makali, siyo kwa kufuata makali. Ukisikia mkwaruzo mdogo ulioinuka urefu wote, makali yamefika, geuza. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mara 10 au 15. Jaribu kwa nyanya iliyoiva. Kama ngozi yake inabonyea kabla ya kukatika, rudi kwenye kinoo. Babu yako alikuwa akisema mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama, lakini alikuwa akinoa kila Alhamisi jioni, alikuwa hangoji siku ya nyama.

Mambo mengine madogo unayajua: ukimpa mtu kisu kitangulie kwa mpini, bora zaidi kikiwa kimekunjwa, kikiingia mchanga kwenye maungio kioshe kwa maji ya uvuguvugu, ukikaushe, utie tone moja la mafuta.

Desemba ukija, kitie kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, usikisahau mfukoni ukifika pale pa kukaguliwa. Njoo nacho. Kinoo cha babu yako bado kiko karibu na pipa la maji, kimebonyea katikati lakini pembeni kiko sawa, na miche ya limau niliyoipanda mwaka jana itakuwa imefika unene wa penseli. Nitakuazima kisu changu ubebeshe mitatu ya kwako.

Mama yako