Maswali ya Wasomaji: Kuweka Meza za Chakula Disney World Ukiwa Bado Mtwara

Maswali ya safari hii yanatoka Mtwara na Lindi, na mengi ni ya wazazi waliokaribishwa Florida na watoto wao. Kwa asiyepajua, Walt Disney World iko karibu na Orlando na ina bustani nne za burudani, kila moja na geti lake: Magic Kingdom (ilifunguliwa 1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Ndani yake kuna migahawa ya dirishani, unaagiza na kubeba sahani yako, na migahawa ya kukaa mezani ukahudumiwa. Hii ya pili ndiyo inayosumbua watu.

Binti yangu anafanya kazi za zamu Orlando. Ametukaribisha mimi na baba yake mwezi wa sita, tutazunguka Disney na wajukuu na tutalala kwake. Kazi ya kuweka meza ametuachia sisi huku. Tuanzie wapi? — Mama wa Shangani, Mtwara

Shikamoo mama. Anzeni na kalenda kabla ya menyu. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya siku ya kula. Kwa kuwa mtalala kwa binti yenu, kila tarehe inafunguka kivyake: meza ya tarehe 10 Juni inaanza kupatikana tarehe 11 Aprili, ya tarehe 12 Juni inaanza tarehe 13 Aprili. Wanaolala kwenye hoteli za Disney wana upendeleo wao. Siku 60 kabla ya kuwasili wanaruhusiwa kuweka meza za safari yote kwa mkupuo mmoja, mpaka siku 10. Kwa hiyo mnaweza kuingia dakika ileile ya kufunguliwa mkakuta mgahawa unaogombewa umeshajaa. Msilaumu bando, wenye hoteli wamewatangulia. Ninyi lengeni chakula cha mchana, au saa ambazo wengi hawali, kama saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri.

Saa ndiyo inayopoteza watu wengi. Kwenye tovuti ya Disney World, ambako ndiko mnakofungua akaunti, nafasi hufunguliwa saa 12 asubuhi za Florida. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Florida iko nyuma yetu kwa saa 7, hivyo kwa Mtwara ni saa 7 mchana. Miezi mingine tofauti inakuwa saa 8, nanyi mtaingia saa 8 mchana. Siku hiyo ikiwa Ijumaa na baba yuko msikitini, kazi ipewe mtu mwingine mapema, na awe na nenosiri la akaunti. Akaunti ifunguliwe siku kadhaa kabla, simu iwe na chaji, namba ya kadi iwe mkononi.

Ukurasa wenyewe ni mwepesi: unachagua tarehe, idadi ya watu na muda wa chakula, kisha unaonyeshwa saa zilizobaki. Makosa huingia mahali pawili. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 06/10 kwao ni tarehe 10 Juni, siyo 6 Oktoba. Na saa zao si za Kiswahili: 7:30 PM ni saa 1 na nusu usiku. Ziandikeni saa zote kwenye karatasi kwa namna yao na kwa namna yetu, sambamba, kabla ya kubonyeza. Katika idadi ya watu mhesabuni kila mtu, hata mtoto wa kubebwa.

Jambo moja zaidi, mama, na tunalisisitiza kwa ajili ya wazee: siku mbili za kwanza msiweke chakula cha usiku. Saa 12 jioni ya Orlando mwezi wa sita ni saa 7 usiku wa Mtwara. Mwili utataka kitanda, na chakula mlichokilipia kitaliwa kwa kusinzia. Siku hizo wekeni kifungua kinywa. Mtakuwa macho tangu alfajiri hata bila kuamshwa.

Tuna siku nne, bustani nne, na tiketi zinazoruhusu kuhama bustani ndani ya siku moja. Mume wangu anataka kila mlo uwe na meza yake. Mimi naona tutakimbizana na saa kuliko kula. Nani yuko sahihi? — Mwalimu, Lindi mjini

Wewe, mwalimu. Meza moja kwa siku inatosha, na siku moja kati ya nne iachwe bila meza kabisa. Mlo wa mezani unakula saa moja hadi saa moja na nusu, bado kuufikia. Milo miwili ya namna hiyo inamega siku, watoto wanakosa michezo, na bili inavimba bure.

Kosa kubwa tunaloliona kwenye ratiba za wasomaji ni kuchagua mgahawa kwanza na bustani baadaye. Matokeo yake familia iko Animal Kingdom saa 6 mchana na meza iko Magic Kingdom saa 6 na nusu. Haiwezekani. Kati ya bustani hizo mbili mnapanda basi: kutoka hadi getini, kungoja basi, safari, ukaguzi wa mabegi, kisha kutembea hadi mlangoni pa mgahawa. Tengeni dakika 90 kwa kuhama bustani yoyote. Zikibaki, mtapumzika.

Njia nazo hazifanani. EPCOT na Hollywood Studios zimeunganishwa na vibanda vya angani vinavyoning'inia kwenye kamba, vinaitwa Skyliner. Mnabadilisha laini kwenye kituo cha Caribbean Beach. Radi ikianza, vinasimamishwa, na Florida mwezi wa sita hadi wa tisa mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kila mara. Skyliner inawashusha kwenye geti la nyuma la EPCOT, katikati ya mabanda ya Ufaransa na Uingereza, mawili kati ya mabanda ya nchi 11 yanayozunguka ziwa la bustani hiyo. Kama meza yenu iko banda la Mexico, upande wa pili wa ziwa, bado mna mwendo wa maana wa miguu kwenye jua. Kwa anayekuja Magic Kingdom na gari la ndugu, maegesho hayako getini: mnashuka kituo cha usafiri, mnapanda pantoni au treni ya reli moja, ndipo mnafika. Kifungua kinywa cha saa 2 asubuhi pale maana yake gari liwe maegeshoni saa 1.

Mfano wa siku inayokwenda vizuri: asubuhi Animal Kingdom, kwa sababu wanyama huonekana zaidi kabla ya joto na bustani hiyo mara nyingi hufungwa mapema kuliko nyingine. Mchana mnakula papo hapo, Tusker House, bufe iliyoko sehemu iliyojengwa kama mji wa Afrika Mashariki na kuitwa Harambe. Wekeni saa 7 na nusu mchana, mkae ndani kwenye kipupwe jua likiwa kali. Mkitoka, basi la kwenda EPCOT, na jioni mnakula kidogo kidogo kwenye mabanda ya nchi 11 bila meza yoyote. Mume wako atapata mlo wake mkubwa, nawe hutakimbia.

Mkitaka kula na Mickey bila kuondoka mbali, Chef Mickey's iko kwenye hoteli ya Contemporary, mwendo wa dakika kama 10 kwa miguu kutoka Magic Kingdom. Migahawa ya hotelini haidai tiketi ya bustani. Ipangieni siku ya mapumziko, msile siku ya tiketi kwa jambo linalofanyika bila tiketi. Boma, bufe ya vyakula vya Kiafrika, nayo iko hotelini, Animal Kingdom Lodge.

Viza zetu bado. Nikiweka meza sasa halafu safari isifanyike, pesa zangu zinapotea? — Mfanyabiashara wa korosho, Masasi

Kwa migahawa mingi, hapana. Unatoa namba ya kadi kama dhamana, hukatwi kitu. Ukifuta angalau saa 2 kabla ya muda wa meza, huna deni. Usipotokea bila kufuta, unakatwa dola 10 kwa kila kichwa. Meza ya watu 6 ni dola 60. Kwa hiyo endelea na kuweka, ila siku viza zikikwama fungua akaunti ufute zote siku hiyohiyo.

Tofauti ni milo inayolipwa yote mapema, kama maonyesho ya Hoop-Dee-Doo yenye chakula ndani yake. Hiyo usiiguse kabla pasipoti haijarudi na viza. Masharti ya kila mgahawa yameandikwa ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha; yasome hapo, yanatofautiana.

Kama huna kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, mwombe ndugu aliye kule atumie yake. Jina la meza linaweza kuwa lako.

Sisi ni Waislamu na hatutaki kubahatisha. Tutakula nini? — Baba wa familia, Kilwa Masoko

Swali zito, na linastahili kushughulikiwa kabla ya safari. Msichukulie kwamba nyama ya kuku au ng'ombe ya mgahawa wa kawaida imechinjwa kwa sharia. Mpishi anaweza kukwambia kilichomo ndani ya sahani, ila suala la uchinjaji liulize lenyewe, kwa maneno ya wazi: nyama hii ina cheti cha halali au haina? Jibu likiwa la kusitasita, lichukue kuwa hapana.

Wakati wa kuweka meza, taja mahitaji yenu ya chakula panapoulizwa, kisha mkifika mwambie mhudumu kabla hajaleta chochote na uombe kuzungumza na mpishi. Ni jambo la kawaida pale, hakuna atakayekuona msumbufu.

Samaki ni salama zaidi, lakini uliza mambo matatu. Je, mchuzi umewekwa mvinyo? Je, unga wa kukaangia umekorogwa kwa bia? Hili ni la kawaida kwa samaki wa kukaanga wa Kiingereza. Je, mafuta ya kukaangia ndiyo yaleyale ya nyama nyingine? Chipsi nyingi huharibikia hapo. Kwenye bufe ya asubuhi, soseji na nyama ya nguruwe hukaa jirani na mayai, na koleo za kuchukulia huhamishwa na watu. Omba mayai yako yatoke jikoni. Vitamu laini vya watoto vinavyovutika mara nyingi huwa na jelatini, nayo huenda ni ya nguruwe.

Kwa sababu hiyo, familia yenu inafaa zaidi mgahawa wa kuagiza sahani moja moja kuliko bufe. Bufe za wahusika wa katuni ni karibu dola 50 au zaidi kwa mtu mzima, na hakuna haki kulipa kiasi hicho ukale saladi na matunda tu.

Tuko tisa, wawili ni watoto wadogo. Kila nikitafuta meza ya watu 9 naambiwa hakuna. — Nachingwea

Tafuta meza mbili, ya 5 na ya 4, mgahawa mmoja, zilizopishana dakika zisizozidi 15, na mkifika omba mkae jirani. Ahadi hakuna, lakini mara nyingi hujaribu. Kila meza iwe na mtu mzima anayejua Kiingereza cha kuagizia.

Bei: umri wa miaka 3 hadi 9 ni bei ya mtoto, kuanzia 10 ni mtu mzima. Chini ya miaka 3 hula bure kwenye bufe kutoka sahani ya mzazi. Bei ya menyu siyo ya mwisho. Kodi ni asilimia 6.5, na kundi la watu 6 au zaidi huongezewa bakshishi ya asilimia 18 moja kwa moja. Bili ya dola 200 inaishia dola 249: 13 za kodi, 36 za bakshishi. Ikishawekwa, usitoe nyingine kwa kutojua. Meza ndogo haiongezewi, lakini asilimia 18 hadi 20 inatarajiwa, kwa kuwa mhudumu kule anaishi kwa bakshishi.

Naweza kubeba korosho zangu na maji nikaingia nazo? — Mikindani

Bustanini, ndiyo. Chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi vinaruhusiwa, ila si kwenye chupa za kioo. Maji ya baridi kwenye kikombe hutolewa bure kwenye madirisha ya chakula, omba tu.

Uwanja wa ndege wa Marekani ni habari nyingine. Korosho ziwe zimekaangwa, si ghafi, na uzitaje kwenye forodha. Nyama na matunda mabichi acha nyumbani. Kuficha kunaleta faini.

Nimeingia siku ya 60, saa 7 kamili, sijapata hata meza moja niliyoitaka. Ndiyo basi? — Tandahimba

Bado sana. Watu huweka meza nyingi kuliko wanazohitaji, kisha huzifuta safari ikikaribia. Ingia tena wiki moja kabla, halafu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Siku ya ziara, angalia saa 2 na ushee kabla ya muda unaoutaka, maana hapo ndipo wanaokwepa ile dola 10 hufuta. Punguza idadi: meza ya 2 hutokea mara nyingi kuliko ya 6.

Ukiwa ndani ya bustani, tumia intaneti yao ya bure na ufungue programu ya Disney. Baadhi ya migahawa ina orodha ya kungojea kwa walioko karibu. Ikishindikana, agiza chakula cha dirishani kwa programu hiyohiyo: chagua muda, lipa, na ukifika mlangoni ndipo bonyeza kuwajulisha umefika, kwa sababu jikoni huanza kuandaa hapo. Agiza saa 5 asubuhi kwa ajili ya saa 6 na nusu. Ukingoja njaa iume, muda utakaopewa utakuwa wa saa 8.