Picha za Eyasi: maswali yenu, mengine yale yale

Nakwenda Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kupiga Wahadzabe, wale wawindaji. Nibebe lenzi gani?

Uliyo nayo. Na unakwenda kupiga picha, huendi kupiga watu. Swali la lenzi sitalijibu tena mwaka huu.

Mwindaji niliyempata alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Nimwombe avae ngozi ya nyani?

Usithubutu. Mwaka 1910 Edward Curtis, Mmarekani aliyepiga zaidi ya picha 40,000 za Wahindi Wekundu, alitoa picha ya wanaume wawili wa Kipiegan, kabila mojawapo la Wahindi hao, wameketi hemani. Katikati yao palikuwa na saa. Akaifuta, isije ikamharibia "asili". Leo picha hiyo inajulikana zaidi kwa saa isiyoonekana.

Halafu hiyo asili mnaipimaje? Upinde kauchonga mwenyewe, sawa. Ncha ya chuma kwenye mshale je? Mara nyingi imefuliwa na mhunzi wa Kidatoga, majirani zao wafugaji, ikabadilishwa kwa asali au nyama. Hiyo mnaipiga picha bila kulalamika. Jezi nayo imetoka kwa jirani, basi. (Ya Yanga, tumsamehe.)

Chini ya picha nimeandika "Kabila linalotoweka". Inafaa?

Futa. Watu si umande hata wakauke wenyewe jua likichomoza. Wahadzabe ni elfu moja na ushee, na kinachopungua ni ardhi yao: mashamba ya vitunguu Mangola, mifugo inayoingia bonde la Yaeda, mibuyu iliyokatwa, wanyama waliohama. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi. Picha za kupekecha moto mnaniletea kila wiki. Ya mzee akionyesha mpaka wa ardhi hiyo bado naisubiri.

Andika mahali, tarehe, kazi iliyokuwa ikifanyika, na jina la mtu kama amekubali. "Mtindiga" usiandike kwa mazoea. Hilo ni jina walilopewa na majirani. Muulize mwenyewe anajiitaje.

Kuwalipa si kuwaharibu?

Dereva wako unamlipa, hoteli unailipa, kaharibika nani? Mtu ameacha kwenda porini asubuhi nzima kwa ajili yako. Mpatane kabla hujatoa kamera, mpatane na wenyewe, na fedha ziingie mikononi mwao mbele ya macho yako. Pombe si malipo. Anayebeba pombe kwenye begi la kamera asiniandikie.

Mtoto akipigwa picha, nani anatoa ruhusa?

Mzazi. Na mtoto akigeuza uso, ruhusa ya mzazi imekwisha.

Picha nilimtumia muongoza watalii kwenye simu. Inatosha?

Kwa muongoza watalii, inatosha. Kwa mama uliyempiga akichimba mizizi, haitoshi. Safisha picha ya karatasi, uirudishe kwake, na siku hiyo uende bila kamera. Nyuma andika jina lake kwa penseli laini. Wino wa kalamu huhamia kwenye picha ya chini yake.