Maswali na Majibu: Ovadraivu na Gia kwenye Gari-nyumba Kuukuu

Shule zimefungwa na maswali ya safari yamejaa. Malindi ina vani nyingi za zamani zilizogeuzwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, tangi la maji juu. Nyingine ziliachwa na wageni waliorudi kwao, nyingine zilikuwa matatu kabla seremala hajaingia na mbao zake. Zote zina shida moja: mwili mzito, injini dhaifu. Safari hii nimechagua barua za wenye magari hayo tu, kwa sababu injini nyingi nzuri zinauawa mapema na watu wanaoamini kwamba wanazitunza.

Bwana fundi, salaam aleikum. Nina Toyota HiAce ya dizeli, injini aina ya 3L, gia otomatiki. Tukienda Nairobi tunakatia Mavueni ili tutokee Mariakani. Kwenye vilima vya Kaloleni gia inashuka yenyewe, inapanda, inashuka tena, mpaka vyombo kabatini vinagongana. Je, giaboksi imekwisha?
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Wa aleikum salaam. Yaelekea giaboksi yako ni nzima, ila unaitesa, na ukiendelea hivyo kweli itakwisha.

Kwenye otomatiki ya gia nne, gia ya tatu huzungusha shafti ya nyuma sawasawa na injini, mzunguko kwa mzunguko. Gia ya nne ndiyo ovadraivu: injini ikizunguka mara 7, shafti huzunguka kama mara 10. Kwa hiyo, kwa mwendo ule ule, injini hupunguza mizunguko, kelele na unywaji wa mafuta. Gia hiyo iliwekwa kwa ajili ya barabara tambarare na mzigo mwepesi.

Sasa tazama hesabu ya mlima. Gari la tani 3 likipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwa kilomita 50 kwa saa, linataka nguvu za farasi kama 33 za kupandia peke yake. Matairi na upepo bado hatujavihesabu. Injini yako ina nguvu za farasi 90 hivi, lakini huzitoa zote inapokaribia mizunguko 4,000 kwa dakika. Ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hutoa kama 35 tu. Kwenye 2,500 hupita 60. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba imeachiwa izunguke.

Ndiyo maana gia inahangaika. Ikiwa kwenye ya nne inazidiwa, inashuka ya tatu. Gari linachangamka, wewe unalegeza mguu kidogo, giaboksi inadhani mlima umekwisha, inarudi ya nne. Halafu inazidiwa tena. Kila badiliko linasugua klachi za ndani na kupasha moto ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, na hakuna kinachomaliza otomatiki upesi kama joto.

Dawa ni kidole chako. Zima ovadraivu kwa kubonyeza kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia kabla ya kuanza kupanda, si katikati ya mlima gari likiwa limeshachoka. Kiache hivyo mpaka Mariakani. Hata ukishaingia barabara kuu usiharakishe kukirudisha, maana kutoka Pwani mpaka Nairobi unapanda kama mita 1,700, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Gari lililokwenda vizuri Mariakani litakuwa zito Salama na Kyumvi bila kuharibika kitu chochote. Rudisha ovadraivu pale unapoona barabara imenyooka na mguu wako uko nusu tu.

Ukirudi, chomoa kijiti cha ATF, injini ikiwa na moto na ikinguruma. Mafuta mazuri ni mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yabadilishe kabla ya safari nyingine.

Fundi, nikizima ovadraivu taa ya manjano ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi. Nitaharibu kitu nikiendesha nayo siku nzima?
*Msomaji, Kisumu Ndogo*

Hapana. Taa hiyo inakukumbusha tu kwamba umeizima mwenyewe. Ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, hasa kwenye Toyota za miaka ya 1990, hapo kompyuta ya giaboksi inalalamika. Mpelekee fundi wa umeme aisome.

Shikamoo fundi. Tuna Nissan Caravan ya dizeli, gia tano za mkono. Baba akifika mlimani hataki kutoka gia ya tano mpaka gari linataka kuzima. Anasema injini ikilia sana inapasuka. Nikimwambia ashushe gia ananiambia sijui magari. Nani mkweli?
*Binti wa Gede*

Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeandika, kwa sababu barua yako ndiyo kiini cha safu yote ya leo.

Baba yako anaipenda injini yake, na anaiumiza. Kwenye gari kama hilo gia ya nne ndiyo ya moja kwa moja, na ya tano ndiyo ovadraivu. Ukipanda mlima kwa ya tano, kila pistoni inasukumwa kwa nguvu kubwa huku shafti ikizunguka polepole. Beringi zinabeba uzito huo wakati pampu ya oili nayo inazunguka polepole. Dizeli inaingia nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, ndipo unaona moshi mweusi nyuma. Na jambo ambalo wengi hawalijui: feni na pampu ya maji vinavutwa na mkanda wa injini. Injini ikizunguka polepole, feni inavuta hewa kidogo na maji yanapita kidogo kwenye rejeta, saa ile ile ambayo moto ni mwingi. Gari linachemka kwa sababu ya gia ya juu, na watu wanalaumu rejeta.

Aliyewahi kupanda kilima kwa baiskeli ya gia anajua magoti yanavyouma ukiiacha kwenye gia nzito. Beringi za injini hazina mdomo wa kusema.

Kelele si ugonjwa. Injini imeundwa izunguke mpaka mstari mwekundu wa kwenye saa yake, na mizunguko 2,500 au 3,000 mlimani kwa dizeli ndogo ni kazi ya kawaida kabisa. Alama ya kufuata ni hii: ukikanyaga mafuta zaidi na gari lisiongeze mwendo, gia hiyo si yake, shusha. Tena ashushe mapema, wakati mwendo bado upo. Akingoja mpaka gari limekufa kwenye 40, ya nne haitatosha tena, itabidi aende ya tatu au ya pili, na hapo ndipo injini italia kweli na klachi itaumia.

Usibishane naye njiani mbele ya watoto. Mwombe kwa adabu mpande kilima kimoja mara mbili, kwanza kwa gia yake, kisha kwa gia ya chini, na amwachie mama kazi ya kutazama mshale wa joto. Mzee anayependa gari lake atauamini mshale huo kuliko maneno yangu.

Barabara ya Malindi kwenda Garsen mpaka Mokowe ni tambarare, haina mlima. Mbona msimu wa kaskazi vani yangu haishiki gia ya tano, na nikirudi inakwenda yenyewe?
*Msomaji, Mpeketoni*

Umejijibu nusu kwa kutaja kaskazi. Manahodha wa Lamu hawaulizi umbali kabla ya kuuliza upepo, na mwenye gari-nyumba naye afanye hivyo. Gari lako ni refu na lina uso bapa. Hewa inapinga kwa mraba wa mwendo: ukienda 80 kwa saa dhidi ya upepo wa 30, gari linakutana na hewa ya 110, na ukinzani unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa siku shwari. Kwa injini, huo ni mlima. Hauonekani tu kwa macho.

Kwa hiyo kuanzia daraja la Sabaki, ukiwa na kaskazi usoni, tumia gia ya nne, na upunguze mwendo mpaka 65 hivi. Ukinzani unashuka kwa robo, na utafika ukiwa umechelewa kidogo tu. Ukirudi, upepo uko mgongoni. Ya tano itatosha bila shida. Msimu wa kusi mambo yanageuka: anayekwenda Mombasa ndiye anayepigana na upepo, hasa sehemu zilizo wazi ambako hakuna miti ya kuuvunja.

Kufika Mokowe gari linabaki hapo hata hivyo. Kabla ya kupanda boti acha injini ingurume dakika mbili tatu ipoe, hasa kama ina tabo.

Tulikwenda Wundanyi na familia. Kupanda tulifika salama. Kushuka kwenda Mwatate breki zilinuka, kisha kanyagio likazama. Nilisimama kwa handibreki. Nilikosea nini? Nilikuwa nimetia nyutro ili niokoe mafuta.
*Dereva, Barani*

Ndugu yangu, mshukuru Mungu, na tafadhali usirudie tena.

Ukitia nyutro, injini haizuii tena gari. Tani 3 zinashuka kwenye kona zile zikishikiliwa na breki peke yake. Breki zinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta ya breki, yanachemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mvuke unabonyea, ndiyo maana kanyagio lilizama. Huko bara, mteremko wa Salgaa kati ya Nakuru na Eldoret umejulikana nchi nzima kwa ajali za malori, na kushuka kwa nyutro ni moja ya sababu zinazotajwa kila mara.

Wala hukuokoa mafuta. Dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka, pampu inakaribia kukata mafuta kabisa. Ikiwa nyutro inaendelea kunywa ili isizime.

Shuka kwa gia ile ile uliyopandia, au moja chini yake. Dizeli haizuii sana kama petroli, kwa hiyo usishangae ukihitaji ya pili. Ingiza gia juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Ukishashika kasi inaweza kukataa kuingia, na utabaki bila gia. Mwenye otomatiki azime ovadraivu, kisha aweke 2, na penye ukali L. Breki ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, uachie ipoe, kisha tena. Usiiegemee muda wote.

Kabla ya safari yoyote nyingine badilisha mafuta ya breki yote. Hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu. Yakishanyonya maji huchemka upesi. Kila miaka 2 yatoe. Fundi akague pia pedi na mabomba, maana joto lile halikupita bure.

Nimefunga matairi makubwa kwa ajili ya mchanga wa Mambrui. Sasa gia ya tano haivuti kabisa.
*Msomaji, Watamu*

Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 10, gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 10, na saa ya mwendo inakudanganya: ikisema 80 unakwenda kama 88. Ya nne yako sasa inakaribia nusu ya njia kuelekea ya tano ya zamani. Endesha ya nne na uisahau ya tano, au rudisha matairi ya kawaida. Kubadilisha difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu), tuseme kutoka uwiano wa 4.1 kwenda 4.5, kungerudisha mambo sawa, lakini ni gharama kubwa kwa gari linaloingia mchangani mara chache. Kwa mchanga, kupunguza upepo wa matairi husaidia kuliko ukubwa wake. Beba pampu ya kujazia ukitoka.

Tangi langu la juu linachukua lita 120. Nilijaze Malindi au njiani?
*Msomaji, Ngala*

Njiani. Lita 120 ni kilo 120, tena juu ya paa, ambako zinalivuta gari kwenye kona. Ondoka na maji ya kunywa, na kama unaelekea Nairobi jaza Voi.

Nina Land Rover Series III ya petroli, ina kitanda nyuma. Nimepata ovadraivu ya Fairey iliyotumika. Inafaa?
*Msomaji, Hindi, Lamu*

Inafaa, mradi ujue inafanya nini. Haiongezi nguvu hata chembe. Injini yako ya lita 2.25 itabaki na zile nguvu zake za farasi 70 hivi. Inapunguza mizunguko kwa karibu robo kwa mwendo ule ule, na masikio yako yatafurahi kati ya Witu na Garsen. Faida yake kubwa kwa gari zito ni nyingine: inafanya kazi kwenye kila gia, si ya nne tu. Ukiwa ya tatu na ovadraivu unapata gia iliyo kati ya tatu na nne, na hapo ndipo gari dhaifu linapokosa pa kushika kwenye mwinuko wa wastani. Itoe ukiingia kwenye gia za chini za matopeni.

Kabla hujalipa, izungushe kwa mkono usikilize beringi. Ina oili yake yenyewe, tena kidogo sana, kwa hiyo ikivuja kidogo tu imekauka. Ikague kila unapojaza mafuta mpaka uzijue tabia zake.