Mbao za tabaka nyumba ya pwani: pima zege kabla ya kwenda dukani

SWALI: Fundi, habari za kazi? Najenga Tanga, karibu na bahari, nyumba isiyo ya ghorofa. Zege la sakafu lina miezi miwili. Muuzaji ananishawishi niweke mbao za tabaka, zile zenye mti halisi juu na plaiwudi chini, chumbani, jikoni na bafuni. Anasema maji hayaziwezi. Nimwamini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Chumbani weka. Jikoni kwa masharti. Bafuni weka vigae.

Muuzaji ana nusu ya ukweli. Ubao mzima, usio na tabaka, ukinywa unyevu hutanuka upana. Kwenye mbao za tabaka, nyuzi za kila tabaka zimekingama na za jirani yake, kwa hiyo zinazuiana na ubao unatulia. Lakini kutulia siko kuzuia maji. Maji ya kuoga yakishapenya kwenye maungio hukaa chini ya ubao, na huko tambara halifiki.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni zege lako. Mafundi hukadiria kwamba zege hukauka kama milimita 25 kwa mwezi, na hewa ya pwani huchelewesha. Likiwa na unene wa milimita 100, miezi miwili haijafika popote. Tandika kipande cha nailoni nzito, mita moja kwa moja, ziba kingo zote kwa selotepu pana, acha siku mbili. Ukikuta jasho chini yake, au zege limekoza rangi, subiri. Ukikuta pakavu bado usifurahi: jaribio hili hukamata zege bichi, halithibitishi zege kavu. Tafuta fundi mwenye kipimo cha unyevu kinachoingizwa kwenye tundu ndani ya zege. Waingereza hawatandazi mbao mpaka unyevu wa hewa inayotoka kwenye zege usome asilimia 75 au chini.

Muulize pia aliyekujengea kama alitandaza nailoni kabla ya kumwaga zege. Kama hakutandaza, unyevu wa ardhini utapanda miaka yote, na itabidi zege lipakwe epoksi ya kuziba kwanza. Gharama hiyo ijumlishe kwenye bei ya mbao. Wengi wakishaijumlisha hurudi kwenye vigae, na siwalaumu.

Dukani, tazama ubao kwa ubavuni. Kiini kiwe plaiwudi ya gundi isiyoachia kwa maji. Cha MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kikilowa huvimba na hakirudi. Tabaka la juu la milimita 3 au 4 utalipiga msasa tena baadaye. Lile jembamba kama karatasi likichakaa ndiyo basi. Mtiki na mninga hazichezi sana na unyevu.

Mbao za Ulaya hutoka kiwandani zikiwa kavu, kwa kawaida unyevu wa asilimia 5 hadi 9. Hewa ya Tanga inaweza kuzifikisha 14, kwa hiyo zitatanuka tu. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kuzunguka kuta, skatingi itaificha. Kiyoyozi cha usiku tu, huku mchana madirisha yako wazi, huzitesa kuliko joto lenyewe.

Jikoni, zigundishwe chini kote, zisielee juu ya sponji. Ziba kwa silikoni chini ya kabati la sinki, na mahali pa mashine ya kufulia pabaki vigae.